Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya kuhusu wale watu wa ramani

Mheshimiwa sana,

YAH: TAARIFA YA WACHOCHEZI WA ARDHI, KAMA ULIVYOAGIZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nianze na salamu, na hapo hapo nimekwama. Kwa miaka, wewe ndiye wa kuniamkia mimi. Kwa cheo, mimi ndiye wa kusimama ukipita. Nimewauliza wazee wenzangu, wakanishauri nikuamkie tu, kwa kuwa shikamoo haijawahi kumpunguzia mtu ekari. Basi shikamoo, Mheshimiwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mjumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Matumizi ya Ardhi ya kijiji kimoja kilicho chini ya uangalizi wako. Jina la kijiji nimeliacha kwa makusudi. Najua una majukumu mengi, na sipendi upate usumbufu wa kutukumbuka.

Siku ulipotuhutubia pale mnadani ulisema mengi ya kujenga, na yote tuliyapigia makofi. Ukatuasa pia tujihadhari na wachochezi wanaozunguka vijijini na GPS, wanaokula fedha za wafadhili huku wakiwagombanisha wananchi na serikali yao. Hilo nalo tulilipigia makofi, ila baadhi yetu tulitazamana. Katika wilaya hii, wanaozunguka na GPS ni wale wa shirika dogo lisilo la kiserikali linalosaidia vijiji kupanga matumizi bora ya ardhi. Ofisi yao ni vyumba vitatu nyuma ya stendi, jirani na duka la pembejeo. Ukamalizia kwa kutuagiza kwamba tukiwaona tutoe taarifa.

Tumewaona, na naomba kutoa taarifa. Nitawaeleza mmoja mmoja, bila majina yao, ili vyombo vyako visipate taabu.

Wa kwanza ni mama mratibu. Mtu mzima, mtaratibu, hawezi kupita nyumba bila kupiga hodi hata kama mlango uko wazi. Hajawahi kuingia kijijini kwetu bila bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha hiyo huwa kuna barua ya utambulisho yenye mhuri wa wilaya. Mtendaji wetu huisoma, huigonga mhuri wake pembeni, kisha ndipo mama anapokaribishwa kiti. Uzoefu wangu wa uchochezi ni mdogo, Mheshimiwa, ila mchochezi anayekuja na mhuri wa yule yule anayemchongea sikuwahi kumsikia. Tena hawaji peke yao. Ndani ya gari lao hukaa afisa ardhi, afisa mifugo na afisa misitu wa halmashauri, kwa sababu mwongozo wa serikali unataka timu ya wilaya ndiyo iongoze kazi. Gari la idara, tunavyoambiwa, linasubiri matairi. Naomba mwongozo wako kama maafisa hao nao tuwatolee taarifa, au mtu akipewa lifti tu si kosa.

Wa pili ni binti wa sheria. Huyu naomba umwangalie kwa karibu. Ni rika moja na mjukuu wangu wa kwanza. Huja na nakala ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyochakaa kingo, na silaha yake ni kusoma. Hahutubii. Anasoma kifungu, anafunga kitabu, anauliza kama kuna aliyekuwa akielewa vingine, kisha anakaa. Ndivyo tulivyojua kwamba Halmashauri ya Kijiji inaishika ardhi kama mdhamini tu, na haiwezi kumgawia mtu kipande mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie kwanza. Mwenyekiti wetu siku hiyo alishikwa na kikohozi. Tukajua pia kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa uanamke wake haina nguvu mbele ya sheria hiyo, na kwamba kati ya wajumbe 7 wa Baraza la Ardhi la Kijiji, wanawake hawapaswi kupungua 3. Upande walikokaa akina mama ukanyamaza kimya. Sisi wa upande wa pili hatukukipenda kimya kile.

Akatusomea na kile cha hekta 250. Wewe unakijua, lakini barua ya wazi husomwa na wengi. Ardhi yote ni ya umma na mdhamini wake ni Rais, naye anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji ikawa ardhi ya jumla kwa manufaa ya umma. Eneo lisipozidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuyatazama mapendekezo ya wanakijiji. Mzee mmoja akanyanyua fimbo. “Kwa hiyo wakitaka kidogo tunaamua, wakitaka kikubwa tunashauri?” Binti akamjibu, “Ndivyo kilivyoandikwa, babu.” Hakuongeza neno. Mchochezi wa kweli, nadhani, angeongeza.

Wa tatu ndiye mwenye GPS. Kijana mwembamba, mpima, mwenye buti zilizokwisha kisigino. Alipita mpaka wetu na kijiji jirani akiwa na wazee wa pande zote mbili, maana mpaka wa kijiji hauandikwi mpaka majirani wasaini kwamba wanaukubali. Kwenye korongo la pili wazee wakagawanyika. Wa kwetu wakasema mpaka unapita mbuyuni. Wa jirani wakauliza mbuyu upi, ule wenyewe si uliangushwa na mvua za El Niño? Kijana akazima mashine, akaketi chini. Akaketi mpaka jua likapinda, akisikiliza nani alizikwa wapi na nani alichunga wapi enzi za baba zao. Hakuchukua pointi hata moja mpaka wazee wote waliposimama mahali pamoja wakasema hapa. Kuna njia ya haraka zaidi, najua. Mtu anaweza kuchora mpaka huo ofisini kwa picha ya satelaiti mchana mmoja tu. Mipaka ya namna hiyo huishi mpaka masika ya kwanza.

Wakati huo huo aliwafundisha vijana wawili wa kijiji chetu kupima mashamba kwa simu, kama ilivyofanyika Ilalasimba, Iringa, mwaka 2014, vijana wa kijiji walipoonesha kwamba kazi hiyo haihitaji digrii. Vijana wetu sasa wanatembea wakijua eneo la kila mtu. Hilo limewakera baadhi ya watu wenye mashamba makubwa kuliko maelezo yao.

Wa nne ni mhasibu, ambaye sasa ndiye pia dereva. Marekani iliposimamisha misaada yake mapema 2025, ofisi nyingi za aina hii zilipungukiwa, na hawa nao wakabaki wachache. Naomba orodha yako isimhesabu mara mbili. Ni mtu mpole, lakini kwenye nauli ya wajumbe ni mkali kupita kiasi. Kila shilingi ina sahihi, na asiyejua kuandika huchovya dole gumba kwenye wino. Ulisema wanakula fedha za wafadhili, na yawezekana, binadamu ni binadamu. Ila kanuni za mwaka 2018 zinayataka mashirika kama yao yatangaze hadharani fedha yanazopokea zinapozidi shilingi milioni 20, nao karatasi yao huibandika kwenye ofisi ya kata. Nimeisoma yote. Mlaji mkubwa ni dizeli. Mbao za matangazo za ofisi nyingine nazo nimezisoma, lakini hilo halimo katika kichwa cha barua hii.

Wako hao tu. Walinzi hawana, labda umhesabu mbwa wa mwenye nyumba.

Sasa kuhusu ugomvi, maana uliutaja na mimi siufichi. Ulitokea. Siku ya kuchora ramani walitutoa nje ya ofisi ya kijiji, wakatuambia tuchore kijiji chetu chini, kwenye vumbi, kwa majivu, mawe na maharage. Wanaume tukachora tulivyozoea kukitaja kijiji: barabara, shule, msikiti, kanisa, mashamba. Akina mama wakatuzunguka, wakatazama, wakaanza kuongeza vitu ambavyo hatukuviweka, yaani njia za kuni, kisima cha kiangazi na mahali pa kukata majani ya kuezekea. Kilipofikiwa kisima, wafugaji wakasimama. Kisima kile ndicho mifugo hukimbilia mwezi wa tisa, na ukanda wa mbuga unaoelekea huko ulikuwa umeanza kulimwa kidogo kidogo, jembe moja kila mwaka, na watu ambao wote walikuwepo pale na wote walikuwa wakitazama pembeni.

Mheshimiwa, kelele zake zingekuridhisha. Walitajana ukoo, walitajana mahari, mmoja alitupa kofia. Mama mratibu aliwaacha. Aliandika. Kila aliyetoa neno, neno lake liliingia kwenye muhtasari pamoja na jina lake, na jioni ulisomwa wote kwa sauti, hata matusi. Mtu akisikia tusi lake likisomwa taratibu na mama mwenye miwani, mbele ya mkwewe, hupungua sana. Ilichukua vikao kadhaa vya namna hiyo. Mwisho wa yote mbuga ikabaki malisho, waliolima ndani yake wakapewa muda wa kuvuna na sehemu nyingine ya kuhamia, njia ya mifugo ikawekewa vigingi, na msitu wa chanzo cha maji ukapata walinzi. Mkutano Mkuu ukaupitisha mpango kwa kunyoosha mikono. Aliyetupa kofia alinyoosha.

Nawaza kwamba huenda taarifa zilizokufikia ziliishia kwenye kelele. Ugomvi wa ardhi hauna budi kuja. Ukija mapema, mchana, mbele ya karatasi, unakuwa kikao. Ukiachwa uje wenyewe usiku wa kiangazi, unakuja na mikuki. Kilosa, Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Kiteto, Januari 2014, watu waliuawa kwa ajili ya Embroi Murtangos, eneo ambalo kila mmoja alikuwa na ramani yake kichwani. Kamati yako ya ulinzi na usalama, nina hakika, ingependelea kusoma mihtasari.

Na usidhani kazi hii ni mtindo mpya kutoka nje. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi iliundwa mwaka 1984. Ilikuwa imechelewa, kwa sababu Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini ilikuwa imekwisha kuwapanga watu kwa malori, wengi wao juu ya ardhi za wenzao, na hakuna aliyeuliza wenyewe wako wapi. Baba yangu alishushwa na godoro lake katikati ya shamba la mtu, na wajukuu wa mtu huyo bado wananisalimia kwa tahadhari. Tume ya Rais chini ya Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi mwaka 1991 na 1992 ikisikiliza malalamiko ya namna hiyo, na ikapendekeza ardhi ya taifa isibaki mikononi mwa watendaji wa serikali. Serikali iliipokea ripoti, ikaishukuru, na pendekezo hilo ikaliacha. Tulichopata ni sheria ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, kisha Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6 ya mwaka 2007. Sheria hizi ndizo zinazovitaka vijiji vijipange. Vijiji vya Tanzania Bara vinazidi 12,000, na vyenye mpango havijafika nusu. Kwa mwendo wa magari yanayosubiri matairi, wajukuu wa mjukuu wangu watakuwa wajumbe wa kamati.

Ndiyo maana mashirika yamejitokeza, na mengine yametuaibisha kwa kazi nzuri. KINNAPA ya Kiteto ilianza miaka ya tisini, na jina lake limeundwa na majina ya vijiji vyenyewe, Kibaya, Kimana, Njoro na vinginevyo. Huko huko Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vimeunganisha malisho yao kuwa eneo moja linaloitwa OLENGAPA, kwa sababu sheria inaruhusu vijiji kupanga pamoja na ng'ombe hajui kigingi. Bonde la Yaeda nako, watu wa shirika la UCRT waliwasaidia Wahadzabe, wanaoishi kwa mizizi, asali na upinde, kupata hati ya kimila ya jamii mwaka 2011. Mpaka wakati huo hati za kimila zilikuwa zikitolewa kwa mtu mmoja mmoja. Edward Loure, aliyeiongoza kazi hiyo, mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mchochezi anapopewa tuzo, sisi wa vijijini tunachanganyikiwa, na tunategemea viongozi watuweke sawa.

Nisionekane nimenunuliwa kwa soda. Watu hawa wana kasoro, na nyingine zinaudhi. Hupenda neno shirikishi kiasi kwamba siku moja walisema uchaguzi shirikishi wa chakula cha mchana, na tukala wali. Bango kitita lao lina mishale mingi kuliko mawazo. Mradi ukiisha huondoka, na mpango wa miaka 10 hubaki kwenye sanduku la Mtendaji pamoja na risiti za mwenge. Kubwa zaidi, katika baadhi ya vijiji mipango imetenga “ardhi ya akiba”, kana kwamba kuna ardhi isiyo na kazi, na akiba hiyo ikawa orodha ya bidhaa kwa kila mgeni mwenye mkoba. Shamba lililopumzishwa si akiba. Mbuga isiyo na ng'ombe mwezi wa tatu si akiba, ng'ombe wanakuja mwezi wa tisa. Hilo tuliwaambia waziwazi, binti wa sheria akaandika, na katika mpango wetu hakuna kipande chenye jina hilo.

Hapo ndipo ombi langu linapoanzia, na nalitoa nikiwa nimevua kofia.

Mpango wetu, pamoja na sheria ndogo zake, ulipelekwa wilayani ili upite kwa madiwani. Umefika masijala, na huko umepumzika. Kila anayekwenda kuuulizia huambiwa kwa upole kwamba jalada linasubiri maelekezo kutoka juu. Nimezipitia sheria zote mbili, binti akinionesha kurasa, nikitafuta pahali panapohitaji maelekezo hayo. Sheria ndogo hupitishwa na Mkutano Mkuu, kisha Baraza la Madiwani. Hati ya kimila husainiwa na Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji, kisha Afisa Ardhi wa wilaya. Nafasi ya sahihi yako hatukuiona, Mheshimiwa. Ni dosari kubwa ya watunga sheria, na tunakusikitikia.

Pia kuna suala la mgeni. Kabla ya hotuba yako ya mnadani, magari mawili meupe yalionekana mbugani, na mtu mmoja akimwonesha mwenzake upeo wa macho kwa kidole. Wachungaji wanasema aliyeonesha alivaa suti ya Kaunda na alikuwa na sauti ya kuzoea kipaza sauti. Wachungaji ni watoto, macho yao hayaaminiki, nami sitaki kuyarudia maneno yao zaidi ya hapa. Ila mgeni aliacha mezani kwa Mtendaji mchoro wa eneo analolipenda, na kijana wetu wa simu alilipima. Mchoro wa kwanza ulikuwa hekta 240. Wiki iliyofuata ukaletwa mwingine, safi zaidi, wa hekta 260. Hatujui hekta 20 hizo ziliingiaje. Ni mawe matupu na kichuguu, hakuna mwekezaji mwenye akili angezitaka. Kama ofisi yako ina maelezo, tutayapokea kwa unyenyekevu na kuyaingiza kwenye muhtasari.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa kila baada ya miezi 3, na unaofuata umekaribia. Tunakuomba uje. Safari hii si kuhutubia, tusingependa kukuchosha, bali uketi. Ajenda ya kwanza ni kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita. Ya pili ni mchoro wa mgeni. Binti atasoma vifungu, mama mratibu ataandika, na kila neno lako litaandikwa kama ulivyolisema, kisha litasomwa jioni kwa sauti. Karatasi ya mahudhurio tumekuachia mstari wa juu kabisa. Nauli utalipwa sawa na wajumbe wengine, ukisaini.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe, Kamati ya Usimamizi wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji

Nakala kwa: Mtendaji wa Kijiji (abandike ubaoni). Diwani wa Kata (kwa taarifa). Mgeni mwenye mchoro (kwa mikono ya yule aliyemleta). Jalada la mpango, masijala ya wilaya (pindi litakapoonekana).